Uchaguzi wa Chama Kimoja: Sanduku la Kura na Orodha ya Gisenyi

Tarehe 26 Desemba 1988, siku moja tu baada ya sikukuu ya Krismasi, wananchi wa Gisenyi, mji ulio kando ya Ziwa Kivu mpakani mwa Rwanda na nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire, walikwenda kupiga kura. Kazi yao siku ile ilikuwa kuwachagua wajumbe wa Baraza la Taifa la Maendeleo, ambalo ndilo lililokuwa bunge la nchi. Wiki moja kabla ya hapo, tarehe 19, walikuwa wamekwisha kupiga kura ya kumchagua Rais. Mgombea wa urais alikuwa mmoja, Meja Jenerali Juvénal Habyarimana, mzaliwa wa mkoa wao wenyewe, naye alitangazwa kuwa amepata kura 99.98 kwa mia.

Askari wa jeshi na wa polisi anaijua kazi ya siku ya uchaguzi. Huamka alfajiri, hupangiwa kituo, husimama hapo tangu mlango unapofunguliwa mpaka sanduku linapotiwa lakiri. Huzuia fujo, huwaongoza wazee na wagonjwa, humtoa mlevi katika mstari. Jioni huandika katika kitabu cha zamu kwamba hali ilikuwa shwari, na mara nyingi huwa ameandika kweli tupu. Hata hivyo yako mambo mawili makubwa ya uchaguzi ambayo mlinzi wa kituo hayaoni, kwa sababu hayatokei kituoni. La kwanza hutokea kabla, majina ya wagombea yanapoandikwa. La pili hutokea baadaye, mjumbe aliyechaguliwa anapofungua kinywa chake barazani. Katika nchi ya chama kimoja, mambo hayo mawili huwa ndiyo uchaguzi hasa, na siku ya kupiga kura huwa ni siku iliyo katikati yake.

Yafaa kwanza kuitendea haki Rwanda ya miaka ile. Baraza la mwaka 1988 lilikuwa na viti 70, na waliosimama kuvigombea walikuwa watu 140. Mpango huo wa wagombea wawili kwa kila kiti ulikuwa umekwisha kutumika mara mbili: Desemba 1981, viti vilipokuwa 64 na wagombea 128, na tena Desemba 1983. Kwa hiyo si kweli kusema kwamba mpiga kura hakupewa la kuchagua. Nusu ya wagombea ilikuwa lazima warudi nyumbani mikono mitupu, na mwenye kuamua nani arudi alikuwa mkulima wa Karago au wa Giciye aliyetoka shambani mwake. Hilo si jambo dogo, na mtu mzima hawezi kulicheka.

Lakini wote 140 walikuwa wameteuliwa na chama kimoja, Harakati ya Kimapinduzi ya Taifa kwa Maendeleo, iliyojulikana kwa herufi zake MRND. Mtu ambaye chama hakumtaka alikuwa amekwisha kuondolewa muda mrefu kabla ya mwananchi kushika karatasi. Mpiga kura alikuwa mfano wa mtu aliyekaribishwa dukani na kuambiwa achague kitenge akipendacho kati ya viwili vilivyotandazwa mezani, hali bohari imefungwa na ufunguo wake uko mfukoni mwa mwenye duka.

Ufunguo huo ulifikaje mfukoni? Tarehe 5 Julai 1973 Habyarimana, akiwa mkuu wa jeshi, aliipindua serikali ya Rais Grégoire Kayibanda, na bunge likavunjwa. Tangu siku hiyo mpaka uchaguzi wa Desemba 1981, Rwanda haikuwa na bunge lililochaguliwa kwa zaidi ya miaka minane. Tarehe 5 Julai 1975, siku ya kumbukumbu ya mapinduzi yale, iliundwa MRND. Katiba iliyokubaliwa kwa kura ya maoni mwezi Desemba 1978 ikakifanya chama hicho kuwa chama pekee. Kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama, hata mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama yake. Mkuu wa mkoa aliteuliwa na Rais, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama mkoani. Mkuu wa komini aliteuliwa na Rais, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama katika komini yake. Mtu yule yule aliwaita wananchi kwenye umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kulima barabara na kupanda miti. Yule yule aliwasimamia katika mikutano ya nyimbo na ngoma za kumsifu Rais. Na yule yule aliwakusanya wakati wa kura ulipofika.

MRND hakikuwa chama cha kikomunisti. Serikali yake ilikuwa rafiki wa Ubelgiji na Ufaransa, na Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka mingi katika Kamati Kuu ya chama. Lakini mpango wake wa uchaguzi na ule wa nchi za kikomunisti ulikuwa wa ukoo mmoja. Katika Umoja wa Kisovieti, uchaguzi wa Baraza Kuu wa mwaka 1984 ulikuwa na mgombea mmoja kwa kila kiti. Ethiopia, chini ya Chama cha Wafanyakazi cha Mengistu Haile Mariam, ilichagua bunge lake la viti 835 mwezi Juni 1987, na huko vilevile wagombea zaidi ya mmoja waliruhusiwa kwa kiti, alimradi majina yametoka mahali panapotakiwa. Basi kwa hesabu za karatasi Gisenyi ilikuwa na uhuru kuliko Moscow. Itikadi zilitofautiana kama mbingu na ardhi; mwandika orodha alikuwa yule yule.

Na askari je? Yeye pia alikuwa ndani. Kwa kuwa kila raia alikuwa mwanachama, mlinzi wa sanduku alikuwa mwanachama wa chama kilichoandika orodha. Habyarimana alikuwa Rais, mwenyekiti wa chama, na Waziri wa Ulinzi pia. Amri ya kuilinda kura na amri ya kumlinda mshindi zilitoka kwa mtu mmoja, na askari hakuwa na njia ya kuzitenganisha hata kama moyo wake ulitaka kuzitenganisha.

Jambo hilo lilikuwa na hatari nyingine, ambayo wanajeshi wa Rwanda waliionja wenyewe. Mahali ambapo ushindani wa madaraka haupati njia ya wazi, ushindani haufi; huhamia kambini. Mwaka 1980 Meja Théoneste Lizinde, naye mtu wa Gisenyi, ambaye alikuwa mkuu wa usalama wa taifa, alikamatwa pamoja na wengine kwa shutuma za kula njama ya kuipindua serikali. Mwaka huo huo Kanali Alexis Kanyarengwe, mmoja wa maafisa waliofanya mapinduzi ya 1973, aliikimbia nchi. Mwezi Aprili 1988, miezi minane kabla ya uchaguzi huu unaozungumzwa, Kanali Stanislas Mayuya, ambaye wengi walimtazama kama mrithi wa Rais, aliuawa kwa risasi. Hao wote walitoka kaskazini, katika mikoa ya Gisenyi na Ruhengeri, iliyokuwa imependelewa kwa vyeo vya jeshi na kwa fedha za maendeleo. Upendeleo haukuwaletea amani hata wao kwa wao. Wala haukumfikia kila mtu wa mkoa: mkulima wa milima ya Gisenyi, mwenye kishamba cha viazi kisichotosha kugawiwa wanawe, alibaki na jembe lake kama mkulima wa Gikongoro.

Jambo la pili ni kinywa cha mjumbe. Hapa yafaa kuvuka mpaka. Kutoka Gisenyi kwenda Goma ni mwendo wa miguu. Miji hiyo miwili imeshikana hata mgeni hupata taabu kujua mmoja umeishia wapi. Watu wa pande zote mbili waliujua uchaguzi wa jirani kama walivyoijua bei ya maharage sokoni kwake.

Upande wa Zaire, Rais Mobutu Sese Seko alisimama peke yake mwaka 1970, na mpiga kura alipewa kadi ya kijani iliyomaanisha matumaini au kadi nyekundu iliyomaanisha machafuko. Mwaka 1975 hata kadi zilionekana za nini; majina ya wabunge yalisomwa katika viwanja vya hadhara na watu wakatakiwa kuyapokea kwa vigelegele na makofi. Ndipo mwaka 1977 mlango ukafunguliwa kidogo. Wanachama wa chama pekee, MPR, waliruhusiwa kushindana wao kwa wao kwa kura, na bunge likapata watu ambao kwa kweli walikuwa wamechaguliwa.

Matunda ya mlango huo yalionekana upesi. Novemba 1980 wabunge 13, miongoni mwao Étienne Tshisekedi na Ngalula Mpandanjila, walimwandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52. Walitaja ufisadi na uonevu, wakadai demokrasia. Hao hawakuwa waasi wa msituni. Walikuwa wanachama wa chama pekee, walioingia bungeni kwa njia halali ya chama pekee, wakafanya kazi ile ile ambayo mjumbe hutumwa kuifanya. Walikamatwa, wakavuliwa ubunge, na wengine wakapelekwa kuishi mbali chini ya ulinzi. Februari 1982 baadhi yao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama kipya cha UDPS, na jambo hilo likawatia gerezani. Waliowakamata ni watu waliovaa sare. Kwa sheria ya Zaire ya wakati ule huenda kila hati ya kukamata ilikuwa na saini yake na mhuri wake.

Rwanda nayo ilikuwa na mjumbe wa namna hiyo. Jina lake ni Félicula Nyiramutarambirwa, mwanamke kutoka Butare, mjumbe wa Baraza. Yeye alisema juu ya rushwa katika mikataba ya ujenzi wa barabara. Mwezi Agosti 1989 aligongwa na lori, akafa. Wanyarwanda wengi hawakukubali kwamba hiyo ilikuwa ajali, na waandishi wa historia ya nchi hiyo wamekitia kifo chake katika hesabu ya mauaji ya kisiasa ya miaka ile.

Askari wa usalama barabarani ajua kwamba ajali ina vipimo vyake. Zipo alama za magurudumu, yupo dereva na leseni yake, wapo mashahidi, upo mwelekeo wa gari. Ajali iliyochunguzwa barabara na kuelezwa mbele ya watu humaliza uvumi. Ambayo haikuelezwa hubaki mdomoni mwa watu miaka thelathini na zaidi, kama hii ilivyobaki. Na wenzake bibi huyo barazani, 69 waliosalia, walijifunza nini katika mwezi ule wa Agosti? Kiti cha baraza kilikuwa kimewapa mshahara na heshima. Sasa walijua ambacho hakikuwapa.

Haingekuwa haki kuzitia nchi zote za chama kimoja katika kapu moja. Tanzania ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa namna hiyo mwezi Septemba 1965. Mkutano wa wilaya wa TANU ulipiga kura za maoni, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na wawili hao wakapewa alama za jembe na nyumba ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Walipanda jukwaa moja, wakasimamiwa na chama, wakakatazwa kutumia ukabila, dini au rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamtaka yeye. Matokeo yake, Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa na wapiga kura, na serikali ikayakubali matokeo hayo. Waziri alishindwa, wala jua halikusimama.

Hata huko ufunguo wa bohari ulikuwa mikononi mwa chama, na kura ya Rais ilikuwa ya ndiyo au hapana. Na jeshi lililoundwa upya baada ya maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito lilikuwa jeshi la wanachama. Askari wa Tanzania aliendelea kuwa mwanachama halali wa chama, kwanza TANU na baadaye CCM, mpaka mfumo ulipobadilishwa mwaka 1992. Tofauti ya Tanzania na majirani ilikuwa katika lile jambo la pili: mshindi aliachwa ashinde.

Kenya ilitoa fundisho la aina yake. Februari 1988, mwaka ule ule wa uchaguzi wa Gisenyi, KANU ilifanya kura ya uteuzi kwa njia ya mlolongo. Watu walipanga mstari hadharani nyuma ya wakala wa mgombea wamtakaye, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuwa mbunge bila kurudi kwa wapiga kura. Wengi walioshuhudia walilalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Safari hii askari aliyesimama pembeni aliona yote kwa macho yake, kwani mstari haufichiki. Lakini watu walipotawanyika hapakubaki karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya, na neno la msimamizi likawa ndilo hesabu. KANU yenyewe iliuacha mpango huo mwishoni mwa mwaka 1990.

Turufu zote hizo, kadi, makofi, mlolongo na wagombea wawili wawili, zilikuwa na shida moja: hazikuwa na mahali pa kupeleka hasira ya mwananchi. Gisenyi ililipa gharama yake mapema. Oktoba 1990, siku chache baada ya vita vya RPF kuanza, Watutsi wa komini ya Kibilira, katika mkoa wa Gisenyi, waliuawa kwa mamia. Mapema mwaka 1991 ikawa zamu ya Wabagogwe, wafugaji wa Kitutsi wa Gisenyi na Ruhengeri. Tume ya kimataifa ya haki za binadamu iliyotoa taarifa yake Machi 1993 ilieleza kwamba wakuu wa serikali wa mahali hapo walihusika katika mauaji hayo. Baraza lililochaguliwa Desemba 1988 lilikuwa lingali likikaa, na viti vya Gisenyi havikuwa vitupu. Lakini waliovikalia walikuwa wameandikwa katika orodha ya chama ambacho wakuu wa komini hizo ndio waliokuwa viongozi wake. Mjane wa Kibilira angempelekea nani malalamiko?

Katiba mpya ya tarehe 10 Juni 1991 iliruhusu vyama vingi, na sheria ya vyama ya mwezi huo ikawakataza wanajeshi na jandarmeri kuwa wanachama wa chama chochote. Ilikuwa sheria nzuri. Iliwakuta watu ambao kwa miaka 16 walikuwa wamefundishwa kwamba chama, serikali na taifa ni kitu kimoja, na somo la miaka 16 halifutwi kwa ukurasa wa gazeti la serikali. Maafisa waliovua kadi ya chama walibaki na utii wake. Wakati huo huo umoja wa vijana wa MRND, Interahamwe, ulikuwa ukipewa mafunzo ya silaha.

Uchaguzi wa kulibadilisha Baraza haukufanyika tena. Wajumbe wa 1988 walikuwa bado wanahesabiwa kuwa wajumbe wakati ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994. Spika wao, Théodore Sindikubwabo, mjumbe kutoka Butare, aliapishwa kuwa Rais wa serikali ya muda tarehe 9, na serikali hiyo ndiyo iliyoyaongoza mauaji ya kimbari. Ili aufikie urais, Sindikubwabo alihitaji kuwa spika tu. Na uspika aliupata kupitia orodha ile ya majina 140.

Gisenyi palikuwa kituo cha mwisho cha serikali hiyo. Mjini humo, watu waliokuwa wamekamatwa walipelekwa makaburini na kuuawa, mahali ambapo leo pana kumbukumbu iitwayo Commune Rouge. Katikati ya Julai, majeshi ya RPF yalipokaribia, Sindikubwabo na mawaziri wake walivuka kizuizi cha mpakani wakaingia Goma pamoja na mamia ya maelfu ya watu, wanajeshi na jandarmeri wakiwa kati yao na silaha zao. Mji ulitekwa tarehe 18 Julai 1994.

Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilirudia katazo lile la 1991: askari wa jeshi, askari wa polisi, hakimu na mwendesha mashtaka hawaruhusiwi kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Gisenyi sasa ni mji wa wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi. Tarehe 15 Julai 2024 wananchi wake walipiga kura ya Rais na ya wabunge kwa siku moja, wakiwa wamepanga mstari mbele ya vituo vilivyolindwa na vijana ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1988.